Punje nyeupe kwenye ufizi wa mtoto wa wiki tano: je, ni meno?

MamaWaKondele, Kisumu

Hamjambo nyote. Mtoto wangu wa kwanza alitimiza wiki tano juzi. Nilipokuwa nikimsafisha kinywa kwa kitambaa laini, niliona punje tatu nyeupe juu ya ufizi wa chini, kila moja ikiwa na ukubwa wa punje ya wimbi. Mtoto ananyonya vizuri, hana homa, wala halii punje hizo zikiguswa. Jirani yangu, ambaye ninamheshimu kwa sababu amelea watoto sita, ameniambia kwamba hayo ni meno mabaya yanayoleta kuharisha, na kwamba yuko mama mmoja mtaani ambaye huyachimbua kwa spoku ya baiskeli iliyonolewa.

Mama mkwe wangu hakubali kabisa mtoto aguswe. Yeye mwenyewe aling'olewa meno sita ya chini alipokuwa msichana, kama ilivyokuwa desturi ya Waluo wengi wa kizazi chake, naye ameniuliza maswali ambayo sikuweza kuyajibu. Ikiwa hayo ni meno kweli, mbona yamekuja mapema hivi? Na ikiwa meno yanaweza kuota wakati wowote, kwa nini yake sita hayakurudi tena? Ninaomba mwenye ujuzi anieleze, kwa sababu nataka kumjibu yeye na jirani kwa sababu zinazoeleweka.

AfisaWaKinywa, Kisumu

Hongera kwa mtoto, mama. Kwanza, usimruhusu mtu yeyote auguse ufizi huo kwa kitu chenye ncha. Kwa jinsi ulivyozieleza punje hizo, yaani ndogo, nyeupe, zisizo na maumivu na zilizo juu ya ufizi wa mtoto mchanga, zinafanana na vivimbe vidogo ambavyo watoto wengi huzaliwa navyo na ambavyo hutoweka vyenyewe katika wiki au miezi michache ya mwanzo. Ndani yake hamna usaha wala jino, bali kuna keratini, ile dutu ngumu inayofanya kucha. Punje za namna hiyo zikiwa kwenye mstari wa katikati ya kaakaa huitwa lulu za Epstein, kwa jina la Alois Epstein, daktari wa watoto wa Prague, na chanzo chake ni kingine, lakini nazo hazina madhara. Hata hivyo, mpeleke kliniki ili muuguzi aone kwa macho yake, kwa sababu wako watoto wachache wanaozaliwa na jino halisi, na jino hilo huwa gumu, lina ukingo, na mara nyingi hutokea mbele kwenye taya la chini.

Swali la mama mkwe ni zuri kuliko anavyodhani, kwa sababu punje za mjukuu wake na pengo la kinywa chake mwenyewe vina asili moja. Nivumilie nieleze kwa urefu.

Mimba inapofikia wiki ya sita, ngozi laini inayofunika kinywa cha kiinitete, ambayo wanabiolojia huiita epithelia, hunenepa na kufanya mkanda wenye umbo la kwato ya farasi katika kila taya. Mkanda huo huzama ndani ya tishu laini iliyo chini yake. Tishu hiyo ya chini ina seli ambazo hazikuzaliwa hapo: zilisafiri kutoka kwenye kingo za mfereji unaojikunja kuwa ubongo na uti wa mgongo. Mkanda uliozama huitwa lamina ya meno, na ndio mama wa meno yote. Kufikia wiki ya nane huwa umechipua vifundo kumi katika kila taya, kimoja kwa kila jino la utotoni. Kila kifundo hukua, kikabonyea kwa chini kama kikombe, halafu kikapanuka kama kengele. Ndani ya uvungu wa kengele hiyo hukusanyika tishu itakayofanya dentini, yaani sehemu ngumu iliyo chini ya enameli, na kiini cha jino, ilhali kengele yenyewe hufanya enameli, yaani ule weupe mgumu wa nje.

Lamina iliyozaa vifundo hivyo haikuumbwa ili idumu. Jino linapofikia umbo la kengele, lamina inayoliunganisha na ngozi ya kinywa huanza kutoboka, ikawa kama wavu, kisha ikakatika vipande vipande. Fundi wa matofali akiacha udongo ndani ya kalibu hapati tofali, na hapa pia jino halikamiliki mpaka kilicholishika kiondoke. Vipande vingi vya lamina hupotea kabisa. Vichache hubaki vimenaswa chini ya ufizi, vikajikunja kuwa vifuko vidogo na kujaa keratini. Hizo ndizo punje ulizoziona. Mwaka 1817, Antoine Serres wa Ufaransa aliviona vipande hivyo akadhani ni tezi, na ingawa alikosea kuhusu kazi yake, mpaka leo vinaitwa mabaki ya Serres.

MwanabiolojiaMaseno

Ninashukuru kwa maelezo haya, daktari, lakini neno "hukatika" limeniacha na kiu. Je, seli za lamina hufa, au huhama, au hugeuka kuwa seli za aina nyingine? Vitabu vyetu vya darasani vinasema tu kwamba lamina hutoweka, kana kwamba tishu inaweza kuondoka bila kwenda popote.

AfisaWaKinywa, Kisumu

Umeuliza jambo ambalo watafiti wamelifuatilia kwa makini, na jibu lililopatikana ni kwamba yote matatu hutokea. Katika nguruwe wadogo wa maabara, ambao kama sisi huota seti mbili za meno, imeonekana kwamba baadhi ya seli za lamina hufa, nyingine huachia utando uliozishika na kuhamia katika tishu ya jirani, na nyingine huacha tabia za epithelia na kuchukua zile za tishu iliyo chini yake.

Kifo chenyewe hakifanani na kifo cha jeraha. Seli inayokufa kwa kuungua au kupondwa hupasuka, ikamwaga vilivyomo na kuwasha uvimbe. Hizi hujikunja, zikakata vinasaba vyake kwa utaratibu, zikajigawa katika vifuko vidogo, na seli jirani zikavimeza bila homa wala usaha. Mwaka 1972, John Kerr, Andrew Wyllie na Alastair Currie walikipa kifo hicho jina la apoptosisi. Ndiyo maana mtoto huunda na kuvunja tishu nyingi sana ndani ya taya zake bila mama yake kuhisi chochote.

Mfano ninaoupenda kuliko yote ni fundo la enameli. Katika hatua ya kikombe, kikundi kidogo cha seli katikati ya kikombe hicho huacha kugawanyika huku seli zinazokizunguka zikiendelea kuongezeka. Kikundi hicho hutoa ishara za kikemikali zinazoziambia seli za pembeni zikue kwa kasi, na kwa kuwa kati imesimama na pembeni panasonga mbele, kifundo kinapata mkunjo. Kazi ikiisha, seli za fundo hilo hufa kwa apoptosisi. Katika magego, mafundo mengine hujitokeza baadaye, moja kwa kila kilele cha jino, nayo hufa vilevile. Kwa hiyo kila kilele unachotumia kutafunia mahindi ya kuchoma kiliwahi kuwa na kikundi cha seli kilichoonyesha mahali pake na kutoweka kabla wewe hujazaliwa au ungali mtoto mdogo.

Kuna uvunjaji mwingine ambao ni mdogo kwa macho lakini bila huo hakuna jino. Kati ya epithelia na tishu ya ndani ya kengele pana utando mwembamba sana. Seli za ndani zikishaanza kutoa dentini ya kwanza, utando huo huvunjwa, na hapo ndipo seli za enameli zinapopata ishara ya kuanza kazi yake. Dentini hutangulia na enameli hufuata. Kwa meno ya mbele ya utotoni, kazi hiyo huanza karibu na wiki ya 14 ya mimba. Wakati huohuo, sehemu ya katikati ya kengele, iliyojaa seli zenye umbo la nyota na maji mengi, huanza kunywea, kwa kuwa dentini iliyokwisha kuwekwa hukata njia ya chakula kutoka ndani, na kunywea huko kunaisogeza mishipa ya damu ya nje karibu na seli za enameli.

BabaWaLanet, Nakuru

Samahani kwa kuingilia, lakini maelezo haya yamenigusa. Mimi nimelelewa hapa Nakuru kwa maji ya kisima, na meno yangu ya mbele yana madoa ya kahawia tangu yalipoota. Nikiwa shuleni niliambiwa sipigi mswaki, na nimekuwa mtu wa kucheka huku nimefunika mdomo kwa kiganja kwa miaka mingi. Binti yangu ana miaka miwili. Je, haya nayo yana uhusiano na tishu kuvunjika, au ninachanganya mambo?

AfisaWaKinywa, Kisumu

Huchanganyi hata kidogo, ndugu yangu, na yule aliyekuambia hupigi mswaki alikukosea.

Enameli haianzi ikiwa ngumu. Seli zake huweka kwanza dutu laini yenye protini nyingi, hasa ile iitwayo amelojenini, na madini machache. Baada ya unene wote kuwekwa, kazi hugeuka: vimeng'enya huzikatakata protini zile, seli huvifyonza vipande, na nafasi iliyoachwa hujazwa na fuwele za kalsiamu na fosfeti mpaka enameli ifikie takriban asilimia 96 ya madini kwa uzito. Hapa pia ugumu unatokana na kuondolewa kwa kilichotangulia. Katika uchunguzi wa meno ya panya ilionekana kwamba karibu nusu ya seli za enameli zenyewe hufa kabla ya kazi hiyo kukamilika.

Floridi, madini yanayopatikana katika maji, inapozidi mwilini katika miaka ya kujengwa kwa enameli, uondoaji wa protini huchelewa. Protini hubaki ndani, fuwele hazijazi nafasi zote, na enameli huota ikiwa na vinyweleo vidogo chini ya uso wake. Mwanzoni huonekana kama michirizi myeupe, na baadaye hali ikiwa kali, vinyweleo hufyonza rangi na kuwa kahawia. Maji ya ardhini ya Bonde la Ufa yana floridi nyingi kwa sababu ya miamba ya volkeno, na visima vingi vya upande wenu huzidi miligramu 1.5 kwa lita, ambacho ndicho kiwango cha juu kinachopendekezwa na Shirika la Afya Duniani. Hakuna mswaki unaoweza kuondoa doa lililojengwa ndani ya jino likiwa bado limefichwa tayani.

Kuhusu binti yako, huu ndio wakati wenyewe. Enameli ya meno yake ya mbele ya ukubwani inajengwa sasa, na meno mengine yataendelea mpaka karibu miaka 8, ukiacha magego ya mwisho. Mtafutie maji ya mvua, au maji yaliyopimwa, au yaliyopitishwa katika kichujio cha mkaa wa mifupa, ambacho kwenu Nakuru si kigeni. Usitegemee kuchemsha, maana maji hupungua na floridi hubaki. Dawa ya meno mpake kiasi cha punje ya mchele, na umfundishe kutema.

Kwa madoa yako wewe, daktari wa meno ana njia za kuyapunguza au kuyafunika.

MkungaWaYala, Siaya

Ninataka kurudi kwa mama wa Kondele, kwa kuwa nimehudumia watoto kwa miaka kumi na tisa na jambo la spoku ninalijua kwa macho yangu. Tanzania hali hii huitwa meno ya nailoni, na kila mahali hadithi ni ileile: mtoto anaharisha, ana homa, ufizi wa mahali pa chonge umevimba kidogo na kuwa mweupe, na mtu anasema kuna minyoo au jino bovu ndani. Wanachimba, na kweli wanatoa kitu cheupe, laini, chenye unyevu, wakamwonyesha mama. Mama akikiona anaamini. Nimewahi kuletewa mtoto wa miezi mitano aliyechimbwa pande zote mbili, amepauka kwa kupoteza damu, na bado anaharisha.

Daktari, nieleze kitu kimoja ambacho akina mama huniuliza kila mara. Kile cheupe wanachoonyeshwa ni nini hasa?

AfisaWaKinywa, Kisumu

Dada, kile ni jino halisi la mtoto. Katika umri wa miezi mitano, chonge ya utotoni haijakaribia kutoka, kwani kwa kawaida hutokeza kati ya miezi 16 na 20 au zaidi kidogo. Ndani ya taya, kichwa chake kimejengwa nusu tu: kilele kina ugumu, na sehemu iliyobaki ni kengele laini yenye maji, bado imo ndani ya kifuko chake. Ukiichimbua katika hali hiyo itaonekana kama mnyoo kwa mtu asiyejua jino hujengwaje.

Na madhara hayaishii hapo. Kwa upande wa ndani wa chonge hiyo, kifundo cha chonge ya ukubwani kimekwisha kuchipua kutoka katika lamina na kinaanza kuweka madini yake ya kwanza katika miezi hiyohiyo. Ncha ya spoku hupita karibu nacho mno. Nimewaona vijana wa miaka kumi na miwili ambao chonge zao zimeota zikiwa na enameli iliyovurugika, au zimeota kando, au hazikuota kabisa, na mzazi anakumbuka kwa shida kwamba mtoto "alitibiwa ufizi" akiwa mdogo. Ongeza pepopunda, maambukizi ya damu na virusi vinavyobebwa na chombo kilichotumika kwa mtoto mwingine. Kuharisha kwenyewe hutibiwa kwa ORS, zinki na kuendelea kunyonyesha, na mtoto akilegea apelekwe hospitalini siku hiyohiyo.

MwanabiolojiaMaseno

Bado swali la mama mkwe halijajibiwa lote. Kwa nini meno yake sita hayakurudi?

AfisaWaKinywa, Kisumu

Ni kweli, nilimwahidi. Mamba wa Ziwa Victoria hupoteza jino na kuota jingine maisha yake yote, kwa sababu lamina yake haikatiki. Hubaki nyuma ya kila jino ikiwa na seli zinazoweza kuanzisha upya kifundo, kikombe na kengele. Binadamu huitunza kwa muda mfupi. Ncha ya ndani ya lamina huchipua vifundo vya meno ya ukubwani yanayochukua nafasi ya yale ishirini, na mkia wake hurefuka kuelekea nyuma ya taya ili kuzaa magego, la mwisho likianzishwa mtoto akiwa na miaka minne au mitano hivi. Baada ya hapo mkia nao hukatika. Mama mkwe aling'olewa meno ya ukubwani, na wakati huo lamina iliyoyazaa ilikuwa imekwisha kuvunjika miaka mingi iliyopita. Vilivyobaki ni vipande tu, na vipande kwa kawaida havizai jino.

Nasema kwa kawaida, kwa sababu mabaki haya si mawe. Nyuma ya ukuaji wa mzizi kuna shela ya epithelia iliyoelezwa na Oscar Hertwig mwaka 1874, ambayo huuongoza mzizi urefuke na kisha nayo hutoboka na kukatika, ili seli za nje ziufikie mzizi na kuujengea tabaka linaloushika kwenye mfupa. Vipande vyake, viitwavyo mabaki ya Malassez, hukaa kandokando ya mizizi maisha yote. Jino likioza mpaka kiini kikafa, uvimbe wa kwenye ncha ya mzizi unaweza kuviamsha vikafanya kifuko cha maji ndani ya mfupa. Masalio ya lamina nayo, mara chache, hukua kuwa vifuko au uvimbe wa taya uitwao ameloblastoma. Kwa hiyo mtu mzima mwenye taya linalokua upande mmoja bila maumivu asingoje liume ndipo aende hospitalini.

Na kwa kuwa tuko Nyanza, niongeze moja kwa watoto. Jino la utotoni hulegea karibu na miaka sita kwa sababu seli maalumu huula mzizi wake polepole ili kumpisha jino lililo chini. Meno yakilegea kwa mtoto wa miaka mitatu au minne katika muda wa siku chache, huku taya likivimba, huko si kuvunjika kwa kawaida. Maeneo ya ziwa yenye malaria nyingi ndiyo yenye limfoma ya Burkitt, aina ya saratani ambayo Denis Burkitt aliieleza mwaka 1958 kutokana na watoto aliowaona Uganda, na inatibika vizuri zaidi ikigunduliwa mapema.

MamaWaKondele, Kisumu

Nimerudi baada ya siku kumi na mbili. Muuguzi wa kliniki aliuangalia ufizi kwa tochi, akaupapasa kwa kidole chenye glavu, akathibitisha kwamba si meno. Punje mbili zimekwisha, na ya tatu imepasuka juzi wakati wa kunyonya, ikaacha alama ndogo ambayo leo siioni tena.

Nilimsomea mama mkwe jibu lake lote kwa Kijaluo, polepole. Sehemu ya mamba aliniomba niirudie. Kisha alimchukua mjukuu wake, akamfungua mdomo kwa kidole, akautazama ufizi ule mtupu kwa muda mrefu, akasema kwamba hakujua humo ndani tayari mna meno ya mara mbili. Jirani yetu alikuja jioni hiyo na binti yake ambaye ni mjamzito wa miezi saba, nami nimewapa jina la muuguzi yule.